Kamusi Mbili za Kikroatia cha Molise

Mwaka 2000 lugha moja ndogo ya Italia ilipata kamusi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ilihusu usemi wa kijiji cha Acquaviva Collecroce. Iliandikwa na Walter Breu, profesa wa lugha za Kislavi wa Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, akishirikiana na Giovanni Piccoli, na ilichapishwa Campobasso, mji mkuu wa mkoa wa Molise. Ya pili ilihusu usemi wa Montemitro, kijiji jirani. Waandishi wake ni Agostina Piccoli na Antonio Sammartino, na ilitolewa na wakfu wenye jina la Agostina Piccoli kwa ushirikiano na Matica hrvatska, taasisi kongwe ya utamaduni iliyoko Zagreb, mji mkuu wa Kroatia. Wakazi wa vijiji vyote viwili ukiwajumlisha hawafiki elfu mbili. Kipo na kijiji cha tatu, San Felice del Molise, ambako lugha imebaki vinywani mwa wazee wachache.

Lugha yenyewe wengine huiita Kikroatia cha Molise, wengine Kislavi cha Molise. Kwa zaidi ya miaka 150 vijiji hivi vimetembelewa na wasomi kutoka Dubrovnik, Split, Vienna, Zagreb na Konstanz, na kila aliyefika alikuwa na swali alilotoka nalo kwao. Mimi naona kwamba swali hilo liliamua mengi kuliko wanakijiji wenyewe walivyoamua: kitu gani kiandikwe, kiitweje, na mwishowe mtoto wa darasa la pili afundishwe nini.

Tuanze na namna watu hawa walivyofika hapo. Molise iko kusini mwa Italia ya kati, upande wa bahari ya Adria, kati ya Abruzzo na Puglia. Mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16 watu wa ng'ambo ya bahari hiyo walikuwa wakikimbia. Bosnia ilikuwa imeangukia mikononi mwa Waosmani mwaka 1463, Herzegovina mwaka 1482, na majeshi yalikuwa yakiendelea kusogea kuelekea pwani ya Dalmatia. Upande wa pili, katika Ufalme wa Napoli, mabwana wa ardhi walikuwa na mashamba yasiyo na wakulima. Tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1456 lilikuwa limebomoa miji na vijiji vingi vya eneo hilo. Wakimbizi walihitaji ardhi na ardhi ilihitaji watu. Kwa kuangalia sifa za lugha yao, wataalamu huamini kwamba wengi walitoka sehemu za nyuma ya pwani, kati ya mlima Biokovo na bonde la mto Neretva.

Ushahidi wa maandishi wa kale ni haba, lakini upo. Katika mji wa Palata, maandishi ya Kilatini ya mwaka 1531 yanasema kwamba watu wa taifa la Dalmatia ndio waliokuwa wa kwanza kukaa hapo na kulijenga kanisa kuanzia msingi. Palata leo ni mji wa Kiitaliano mtupu. Tavenna nayo ilizungumza Kislavi, nayo imeacha. San Giacomo degli Schiavoni, mji ambao jina lake lenyewe linawataja Waslavi, hauna tena hata msemaji mmoja wa asili. Vilibaki vijiji vitatu vya vilimani, vyenye kilimo kidogo na barabara mbovu, ambako watu walioana wao kwa wao. Wasomi wengi wameusifu uaminifu wa watu hawa kwa lugha ya mababu. Nawaelewa, ila ubovu wa barabara nao ulifanya kazi kubwa.

Huko Montemitro hadithi ya kuvuka bahari inasimuliwa kidini. Wanasema mababu walifika siku ya Ijumaa mwezi wa Mei, wakiwa na sanamu ya Mtakatifu Lusia, na mpaka leo sikukuu yake huadhimishwa Ijumaa ya mwisho ya Mei. Acquaviva wana sherehe ya Mei Mosi ambapo kiumbe kilichotengenezwa kwa majani, maua na mazao ya shamba, kiitwacho Maja, huzungushwa kijijini kwa nyimbo. Mambo haya yameandikwa sana. Watafiti wa mila na hadithi za jadi hupenda kijiji chenye sherehe.

Nje ya Italia hakuna aliyewakumbuka kwa karne tatu na nusu. Kisha mwaka 1855 Medo Pucić, mshairi wa Dubrovnik aliyekuwa matembezini Napoli, akamsikia fundi cherehani akizungumza na mke wake kwa lugha iliyofanana sana na yake. Akamuuliza ametoka wapi. Fundi akajibu kuwa ni mtu wa Acquaviva, kijiji ambacho wenyewe hukiita Kruč. Pucić akafuatilia na kumpata Giovanni de Rubertis, mwalimu na mshairi wa huko Kruč, na mwaka uliofuata barua za de Rubertis kuhusu makoloni ya Waslavi katika Ufalme wa Napoli zikachapishwa Zadar. Kwa hiyo maelezo ya kwanza yaliyosomwa ng'ambo yaliandikwa na mtu wa kijijini mwenyewe. Inafaa kulishika hilo, maana baada ya hapo kalamu ilikwenda kwa wageni na ikakaa huko muda mrefu.

Mwaka 1884 alikuja Risto Kovačić, akaandika kuhusu makazi ya Waserbia kusini mwa Italia. Mwaka 1904 alikuja Josip Smodlaka, mwanasheria na mwanasiasa wa Split, akaandika kuhusu Wakroatia wa milima ya Apennini. Mwaka 1911 Milan Rešetar, mzaliwa wa Dubrovnik na profesa wa Vienna, alichapisha kupitia Chuo cha Sayansi cha huko kitabu kikubwa cha Kijerumani kuhusu makoloni ya Waserbo-Kroatia kusini mwa Italia. Ndani ya miaka 27 watu wale wale, wakilima mizabibu na mizeituni yao ile ile, walikuwa Waserbia, Wakroatia, na Waserbo-Kroatia. Wao wenyewe walipoulizwa wanasema lugha gani, walijibu kwa kifupi kwamba wanasema "kwa namna yetu", na jibu hilo hakuna kitabu kati ya hivyo kilicholiweka kwenye jalada.

Ni rahisi kuwacheka wasomi hao, na wapo wanaoishia hapo: wanahesabu nani alitumia jina sahihi, wanafunga daftari. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo. Chukua kitabu cha Rešetar. Jina lake leo halikubaliki Zagreb, na mwandishi wake mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa Dubrovnik aliyejihesabu kuwa Mserbia, jambo ambalo peke yake linatosha kuwagombanisha watu usiku kucha. Lakini alikwenda vijijini na kusikiliza. Aliandika sauti jinsi zilivyotamkwa, akachambua sarufi, akakusanya matini na msamiati. Kila mtu aliyefanya kazi ya maana Molise baada yake, mtaalamu wa Zagreb pia, ameanzia kwake. Smodlaka aliyetumia jina linalopendwa leo aliandika kama msafiri mwenye uchungu wa taifa. Maandishi yake yanatuambia mengi kuhusu Split ya mwaka 1904.

Suala la jina lilizidi kuwa zito ilipoingia Yugoslavia, dola moja la Waserbia, Wakroatia na jirani zao. Mwaka 1954 waandishi na wanaisimu waliokutana Novi Sad, mji wa Serbia, walikubaliana kwamba lugha ya Waserbia, Wakroatia na Wamontenegro ni moja. Machi 1967 taasisi za Kroatia, Matica hrvatska ikiwamo, zilitangaza hadharani kwamba Kikroatia ni lugha ya fasihi yenye jina lake na haki yake. Mwaka 1971 kitabu cha tahajia kilichoandikwa na wanaisimu Babić, Finka na Moguš kilizuiwa kisitoke, kwa sababu ya jina lake la "tahajia ya Kikroatia" kama kwa sababu nyingine yoyote, na mwaka uliofuata wahamiaji wakakichapisha London. Wakroatia wengi hukijua kitabu hicho kwa lakabu ya mji huo.

Hapo ndipo vyuo vikuu vya ng'ambo vinapoingia katika habari hii. Katika miaka ya 1980, Yugoslavia ingali hai, wahamiaji wa Kikroatia walichangishana fedha ili lugha yao ifundishwe kwa jina lake katika Chuo Kikuu cha Macquarie mjini Sydney, na katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada. Wengi wa waliochanga walikuwa wafanyakazi wa ujenzi, viwanda na biashara ndogo, na kwao cheti cha chuo chenye neno "Kikroatia" kilikuwa jambo la heshima ambalo nchini kwao lisingewezekana bila mtu kuitwa ofisini kujieleza. Baada ya uhuru wa mwaka 1991 dola jipya likashika kijiti: wizara ya sayansi na elimu ya Kroatia hutuma wahadhiri wa lugha katika vyuo vikuu vya nchi nyingi, na walimu kwa watoto wa wahamiaji.

Nimevitaja Sydney na Waterloo kwa sababu watu huchanganya hali hizo na ya Molise, wakiziweka zote chini ya kichwa kimoja cha lugha na utamaduni wa Wakroatia walio nje. Ni vitu viwili mbalimbali. Mhamiaji wa Sydney aliondoka Split au Zadar akiwa amesoma shule, akiwa na gazeti na redio kichwani. Lugha anayotaka mwanawe aijue chuoni ni ile anayoisoma yeye barua zikifika. Mababu wa Montemitro waliondoka kabla lugha hiyo haijatengenezwa. Ljudevit Gaj, mwandishi wa Kikroatia, alichapisha pendekezo lake la tahajia mwaka 1830, na lugha sanifu ya Kikroatia kama inavyojulikana leo ilijengwa katika karne ya 19 na kuendelea, kwa mijadala ya Zagreb, kwa magazeti, kwa kamusi za istilahi, kwa shule za Austria-Hungaria. Hakuna hata mmoja wa Molise aliyekuwapo katika kikao chochote cha hayo. Wakati wenzao ng'ambo wanatafuta neno la Kislavi la reli, bunge au daktari wa meno, wao walichukua la Kiitaliano wakaendelea na kazi zao. Kwa hiyo mtu anaposema kuwafundisha Kikroatia sanifu ni kuwarudisha kwenye lugha yao, anasema kitu ambacho kalenda inakikataa. Hawakuwahi kuwa huko.

Breu alipoanza kwenda Molise, alikwenda na swali la aina nyingine kabisa. Hakuuliza watu hawa ni akina nani. Aliuliza: lugha ya Kislavi ikikaa miaka 500 katikati ya Waitaliano, bila shule yake, bila kanisa linaloihubiria, bila lugha sanifu ya ndugu inayoikosoa kutoka juu, inakuwaje? Swali hili linaonekana la baridi, la maabara. Ndilo lililozaa matunda mengi zaidi.

Mambo aliyoyaeleza ni ya kuvutia hata kwa asiyejua neno moja la Kislavi. Lugha za Kislavi zina jinsia tatu za nomino: ya kiume, ya kike na ya kati. Kiitaliano kina mbili. Katika Kislavi cha Molise jinsia ya kati ya nomino imekufa, nomino zake zimehamia kwingine. Sisi wenye ngeli nyingi tunaweza kulipima jambo hilo: ni kama KI-VI yote ivunjwe na vitu vyake vigawanywe katika ngeli zilizobaki, na watu waendelee kuelewana bila shida.

Lililo zuri zaidi kwangu ni la mahali. Kikroatia sanifu hutofautisha kuwa mahali na kwenda mahali kwa kubadilisha mwisho wa nomino: anayeishi Zagreb husema *u Zagrebu*, anayekwenda husema *u Zagreb*. Ni tofauti ambayo mgeni hufundishwa wiki za mwanzo na huikosea miaka. Kiitaliano hakina habari nayo, kama sisi tusivyo nayo: yuko nyumbani, anakwenda nyumbani, umbo ni moja. Molise wameacha kutofautisha. Hawakuazima neno lolote la Kiitaliano kufanya hivyo. Waliazima namna ya kuupanga ulimwengu, na maneno wakayaacha ya Kislavi. Vilevile wamejipatia kibainishi cha kutaja kitu kisichojulikana bado, kilichotokana na neno la "moja", kwa mfano wa Kiitaliano, jambo ambalo Kikroatia sanifu hakina. Kibainishi cha kitu kinachojulikana hawakukiunda, ingawa Kiitaliano kinacho na wanakisikia kutwa.

Yapo pia waliyoyashikilia. Mfumo wa Kislavi wa kutofautisha tendo lililokamilika na linaloendelea uko imara, hata vitenzi vilivyoazimwa kutoka Kiitaliano huingizwa humo na kupewa jozi. Na yapo mapya: wana njia mbili za kusema wakati ujao, moja kwa jambo lililopangwa au la lazima, nyingine kwa jambo linalodhaniwa tu kwamba litatokea. Zaidi ya hayo, katika sauti wamehifadhi tabia ya kale ya pwani: husema *lip* kwa "zuri" pale lugha sanifu inaposema *lijep*. Mtu wa Split anayesema *lip* nyumbani kwake atatabasamu akisikia hivyo, na sentensi mbili baadaye ataanza kupotea.

Ukiyasoma haya kwa jicho la aliyekuja kutafuta Kikroatia safi cha karne ya 16, ni orodha ya hasara. Jinsia imepotea, mahali pamepotea, maneno ya Kiitaliano yamejaa, kuhesabu kuanzia tano kwenda juu mara nyingi ni kwa Kiitaliano. Ukiyasoma kwa jicho la Breu ni mfumo kamili unaofanya kazi, wenye kanuni zake. Tofauti hii ina madhara nje ya chuo. Mzee anayeambiwa kila mara na wageni wapole kwamba anahifadhi mabaki ya thamani ya lugha ya kale, anaambiwa pia, bila maneno, kwamba anachosema kila siku na mkewe kimeharibika.

Sasa turudi kwenye sheria, maana hapo nadharia iligusa fedha. Mwaka 1996 Italia na Kroatia zilitia saini mkataba wa kulinda makundi madogo ya kila upande. Desemba 1999 Bunge la Italia likapitisha sheria namba 482, inayotambua jamii 12 za lugha za kihistoria: Kialbania, Kikatalani, Kijerumani, Kigiriki, Kislovenia, Kikroatia, Kifaransa, Kifranko-Provansali, Kifriuli, Kiladini, Kioksitani na Kisardinia. Sheria hiyo inaruhusu lugha kufundishwa shuleni, kutumika katika ofisi za manispaa na kuandikwa kwenye vibao. Ili eneo liingizwe, ombi linatosha kutolewa na asilimia 15 ya wapiga kura wanaoishi hapo au theluthi moja ya madiwani.

Neno lililoandikwa katika sheria ni "Kikroatia". Lisingeandikwa lingine. Wabunge hawatambui mfumo wa kibainishi na wakati ujao, wanatambua jamii yenye dola ndugu linaloweza kupiga simu Roma. Hapa lazima niwape haki waliolipigania jina: bila hilo jina, na bila Kroatia huru nyuma yake, vijiji vitatu vya wakulima visingepata mstari katika sheria ya taifa. Jina alilolitumia Smodlaka hatimaye lilileta faida.

Ila sheria ikishasema "Kikroatia", mwalimu wa Kikroatia atatoka wapi? Atatoka Kroatia, na atafundisha alichofundishwa. Ni mwalimu mwema, ana vitabu vizuri vyenye picha, na anamwambia mtoto kwamba *lip* ni *lijep*, kwamba wingi wa neno fulani si huo, kwamba neno alilotoka nalo kwa bibi ni la Kiitaliano na lipo la kwetu. Mtoto tayari ana Kiitaliano cha shule na televisheni, ana lahaja ya Kiitaliano ya majirani, na labda anasikia usemi wa kijiji jikoni. Sasa anaongezewa wa nne, na ndio wenye kitabu na alama za mtihani. Bibi naye anayasikia masahihisho hayo mtoto akirudi. Sioni jinsi gani utaratibu huo ungeufanya usemi wa kijiji uzungumzwe zaidi, na haukuufanya.

Siwalaumu Wakroatia kwa kutaka kufundisha. Kikroatia sanifu kinamfungulia kijana wa Montemitro mlango wa chuo kikuu cha Zagreb na wa kazi ng'ambo ya bahari, na hizo ni faida zinazoshikika. Kosa ni kuliita jambo hilo uhifadhi. Ni elimu ya lugha ya kigeni iliyo karibu, na ingeitwa hivyo tungejua kwamba kazi ya kuhifadhi bado haijaanza.

Kwa mwanga huo kamusi mbili za mwaka 2000 zinaeleweka. Sababu moja ni ya kweli kabisa ya kiisimu: usemi wa Acquaviva na wa Montemitro unatofautiana, na kamusi yenye uaminifu haiwezi kujifanya haioni. Sababu ya pili ni ya njia ambazo vitabu vilipitia. Kamusi ya Acquaviva ilipitia Konstanz, kwenye mradi wa kueleza mfumo wa lugha moja katika mgusano na nyingine. Ya Montemitro ilipitia wakfu wa kijiji na Zagreb, kwenye kazi ya kuunganisha kijiji na taifa mama, na Sammartino alifuatisha sarufi yake mwaka 2004. Zote mbili majalada yake yanakitaja Kikroatia, kwa hiyo si vita vya jina. Ni vitabu vya wasomaji wawili tofauti, na msomaji wa tatu, yaani mtoto wa hapo, angehitaji kitabu kilichofikiriwa kwa ajili yake.

Wapo wanaosema lugha yenye wasemaji wachache namna hii haiwezi kubeba anasa ya kamusi mbili, wangekaa wakakubaliana maandishi ya aina moja. Siafiki. Kukubaliana ni kazi ya lugha inayotaka magazeti na mahakama. Hapa mwenye Montemitro anataka kuandika anavyosema Montemitro. Kumlazimisha akubaliane na Acquaviva ni kumpa mtihani mwingine wa kuandika, na mitihani amekwisha kupewa mingi.

Wakati haya yakibishaniwa, watu waliendelea kuondoka. Uhamaji uliozileta jamii hizi umekuwa ukizitoa tena tangu mwanzoni mwa karne ya 20: kwenda Argentina, Ujerumani, miji ya kaskazini mwa Italia, na Australia, hasa Perth na maeneo yake. Leo inakadiriwa kwamba vijijini wasemaji hawafiki 1,000. Huko Perth mtu wa Montemitro hukutana na mtu wa Dalmatia aliyefika kwa njia nyingine kabisa, miaka 450 baadaye, na idara za uhamiaji humwandika mmoja Mwitaliano na mwingine, kutegemea mwaka, Myugoslavia au Mkroatia. Masomo ya uhamaji wa Wakroatia kwa kawaida huwafuata wa pili. Wa kwanza wamo katika pasipoti za Italia na hesabu huwapita.

Kilichobaki chenye nguvu, kwa maoni yangu, ni kanda za sauti. Breu na wenzake walirekodi wanakijiji wakisimulia maisha yao, kilimo, vita, safari za kwenda kutafuta kazi, na sehemu ya rekodi hizo imewekwa katika hazina ya Pangloss ya taasisi ya utafiti ya Ufaransa, CNRS, pamoja na maandishi na tafsiri, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzisikiliza bila kulipa. Zilikusanywa kwa ajili ya wanaisimu, kwa swali la maabara, na uchambuzi wake umejaa vifupisho ambavyo mjukuu wa msimulizi hawezi kuvisoma. Lakini sauti ni ya babu yake, na hakuna anayeisahihisha.

Shule ya pale ingeweza kuanzia hapo. Mtoto asikilize simulizi ya dakika tatu, aiandike anavyosikia, amuulize aliye nyumbani neno lililomshinda, na Kikroatia sanifu kije miaka miwili mitatu baadaye kikiwa na jina lake, kama lugha ya ng'ambo ya karibu inayosaidiwa na ile aliyo nayo. Hilo halihitaji profesa mwingine wala kamusi ya tatu. Linahitaji mwalimu wa kijijini mwenye ajira ya kudumu, na fedha za sheria namba 482 hutolewa kwa miradi, ambayo kila ikimalizika huombwa upya.